Mguu wa mama umeanza kunyanyuka
Jamani leo nimelia kweli. Tangu mama apate kiharusi mguu wake wa kushoto ulikuwa unaburuzika tu, kiatu kimelika pale mbele kwenye kidole gumba. Sasa wamemwekea kifaa kidogo chini ya ngozi karibu na goti, waya wake umeshika ule mshipa wa fahamu unaonyanyua unyayo, yani akiinua kisigino kihisio cha kwenye kiatu kinaamsha kifaa, kinatuma umeme kidogo kwenye mshipa huo na vidole vinapanda vyenyewe! Wazo hili lipo tangu 1961, ila enzi hizo umeme ulipitishwa juu ya ngozi. Kifaa kinasaidia kama mshipa wenyewe wa fahamu bado mzima na shida iko kwenye ubongo, na mazoezi hayaachwi kabisa. Leo kavuka kizingiti bila kushika ukuta, nikasikia hatua mbili, sio ule mburuzo.