Mchanga wa Misungwi hauhitaji kuhamwa, unahitaji kulishwa

Shamba letu liko Misungwi, mkoani Mwanza, kule juu kwenye mawe, udongo wake ndo ule Wasukuma wanauita luseni, yaani mchanga. Ukiufumba kiganjani unakuponyoka katikati ya vidole, na mvua inyeshe leo, keshokutwa ukichimba shubiri moja unakuta pakavu. Watu wanasema hii ardhi imechoka, tuhame, mimi nakataa, ina njaa tu. Mchanga haushiki maji wala chakula cha mmea, mvua inavishusha vyote chini ambako mizizi haifiki, ndo maana ukitegemea mbolea ya dukani peke yake unaona majani yananawiri wiki mbili tatu halafu basi.

Msimu wangu wa kwanza nilizoa samadi mbichi zizini, bado ya moto, nikaijaza kwenye matuta ya viazi vitamu. Jamani marando yalitambaa! Majirani wakawa wanakuja kuchuma matembele na mimi nikajua mwaka huu nimepata. Siku ya kuvuna nafukua tuta la kwanza nakuta vijizizi vyembamba kama vidole vya mtoto, la pili hivyo hivyo, nikakaa chini palepale. Mzee mmoja jirani akaokota bonge la samadi kwenye tuta, akalivunja akaninusisha, akasema "Mwanangu, hii haijaiva, umelisha majani." Na ni kweli, naitrojeni ikizidi kiazi kinaota majani, kinachojaza kiazi chenyewe ni potasiamu.

Sasa hivi samadi naiweka kivulini chini ya mwembe, tabaka la samadi, tabaka la nyasi kavu na pumba za mpunga, juu namwaga majivu ya jikoni (hayo ndo yana potasiamu, msiyatupe jamani) pamoja na zile chenga za mkaa wauzaji wanazoziacha chini. Narushia maji, nageuza kila baada ya wiki mbili, ndani ya miezi mitatu inakuwa nyeusi, laini, haina harufu ya zizi tena. Halafu siimwagi shamba zima, ingeisha bure, nachimba mfereji mdogo, naweka ndoo moja ya lita 20 kwa kama hatua tatu, ndo nainua tuta juu yake. Mihogo naiwekea kwenye shimo lake.

Kitu kingine, matuta ya mchanga yanamomonyoka haraka na kiazi kikichungulia nje fukusi anaingia, kwa hiyo napandishia udongo kila baada ya mvua kubwa. Kazi kweli, ila silali mpaka nimepitia.

Na wala haya sio mageni huku kwetu. Kisiwa cha Ukara, kule Ziwa Victoria, nacho ni mchanga wa mawe hivi hivi, lakini wazee wa kule walifungia ng'ombe ndani, wakabeba samadi kichwani mpaka shambani, wakapanda marejea (mmea wa jamii ya kunde) katikati ya uwele ili yarudishe rutuba, wakalima palepale miaka nenda rudi.

Mwaka huu tuta moja limenipa karibu debe zima. Mwezi wa sita bibi alikata michembe, yaani vipande vya viazi vya kukausha, siku nne mfululizo, mpaka majabali yote nyuma ya nyumba yakawa meupe, na bado mingine akatandika kwenye turubai.