Yongary, dubwana wa Seoul aliyeshonwa na Wajapani

Juzi usiku nilimtazama Yongary, filamu ya Korea Kusini, kwa mara ya tatu, na mwisho wake bado unaniuma. Dubwana amelala Mto Han, anavuja damu, anatapatapa kama kuku aliyechinjwa. Na hii eti ni filamu ya watoto! Huyo huyo ndiye tuliyemwona akinywa mafuta kwenye matangi, kisha akakatika viuno kwa Arirang, wimbo wa jadi wa Korea, uliopigwa kwa magitaa ya roki.

Mwongozaji wake ni Kim Ki-duk, mwaka 1967. (Si yule Kim Ki-duk wa baadaye aliyezoa tuzo Ulaya, wamefanana majina tu.) Kilichonivutia safari hii ni vazi lenyewe. Lilitengenezwa na mafundi wa Japani, wenye mkono uliozoea kazi za Gamera, kasa dubwana wa sinema za Kijapani. Sasa fikiria: Korea ilitawaliwa na Japani tangu 1910 hadi 1945, uhusiano wa kibalozi ukarudi 1965 tu, na filamu za Kijapani zilikuwa marufuku katika kumbi za Kusini hadi 1998. Mtoto wa Seoul haruhusiwi kumwona Godzilla sinema, ila analetewa dubwana aliyefinyangwa na majirani wale wale, na anaambiwa huyu ni wetu.

Wiki chache kabla, mwaka huo huo, alitoka Wangmagwi, filamu nyeusi na nyeupe. Kweli imechakaa kwa ufundi, lakini mimi naipenda zaidi. Dubwana anatembea mjini akiwa amembeba bibi harusi kiganjani, shela na yote, huku mtoto wa mtaani akijipenyeza ndani ya mwili wake kwenda kumkatakata. Nilicheka peke yangu.

Yongary aliuzwa Marekani, na kilichobaki kizima leo ni toleo la Kiingereza. Nakala kamili ya Kikorea haipo. Kwa hiyo mimi nasikia raia wa Seoul wakipiga mayowe kwa lafudhi ya Kimarekani. Filamu ya Bulgasari ya 1962, iliyomtangulia, imepotea kabisa, na dubwana wake, yule mla chuma wa hadithi za kale za Korea, akaenda nayo.

Alirudi mwaka 1985, upande wa Kaskazini, akiitwa Pulgasari. Mwongozaji alikuwa Shin Sang-ok, aliyetekwa kutoka Hong Kong 1978 kwa amri ya Kim Jong-il, aliyekuja kuitawala Kaskazini. Na mafundi wa dubwana? Wa Toho, kampuni ya filamu za Godzilla, kutoka Tokyo. Ndani ya vazi alikuwamo Kenpachiro Satsuma, ambaye tayari alikuwa amemcheza Godzilla mwaka 1984. Korea mbili zisizopeana hata barua, lakini zikitaka dubwana zinabisha hodi nchi moja.

Shin alitoroka 1986 huko Vienna. Pulgasari naye aliingia kumbi za Seoul mwaka 2000. Watazamaji walikuwa wachache mno.