Barua niliyokataa kusaini

Alhamisi iliyopita alinijia kijana aliyefanya kazi kwenye duka langu la asali hapa Tabora kwa miaka minne. Ameona tangazo la kazi ya kukagua asali huko Dodoma, na wanataka barua ya mapendekezo kutoka kwa mwajiri. Alikuwa ameshaichapisha stesheneri. "Shikamoo mama. Wewe ni kusaini tu na kugonga muhuri."

Nikaisoma. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mtajwa ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye nidhamu, anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Hakuna uongo hata neno moja. Lakini ukifuta jina lake ukaweka la mtu yeyote, barua inabaki ileile. Nikamwambia hii siisaini, nipe hadi Jumamosi, na uniletee hilo tangazo nilisome mwenyewe.

Niliona amenyong'onyea. Ila mimi pia nimewahi kuajiri. Barua za "mchapakazi na mwaminifu" nimezipokea nyingi, na hakuna hata moja iliyonisaidia kujua nimchukue nani. Barua ya mwenyekiti wa mtaa inatosha kusema huyu anaishi hapa. Ya mwajiri inatakiwa kusema huyu nimemwona akifanya nini.

Tangazo lilitaka mtu anayejua kupima ubora na kuelewana na wafugaji nyuki vijijini. Nilipofika hapo nikamkumbuka mzee mmoja wa upande wa Sikonge.

Mzee huyu tunanunua kwake miaka yote. Mwaka juzi alileta madumu kumi, nami nilikuwa na oda inayonisubiri, kwa hiyo nilishaanza kuhesabu fedha. Kijana akadondosha tone kwenye kipimo, akakielekeza kwenye mwanga: maji asilimia 23. Asali kwa kawaida haitakiwi kuzidi asilimia 20, ikizidi, inachacha. Akanivuta pembeni: "Mama, hii itatuchachia ghalani." Kisha akaenda kukaa na mzee kwenye benchi, akamwagizia chai, akachukua vipande viwili vya sega. Hiki nyuki wameshakiziba kwa nta, babu, asali yake imeiva. Hiki bado kiko wazi, ungewaachia kidogo. Mzee aliondoka na madumu yake bila kinyongo. Msimu uliofuata alirudi, tukapima, 18.

Hiyo ndiyo barua. Niliandika mimi ni nani, ninafanya biashara gani, yeye amekuwa chini yangu tangu lini na kwa kazi ipi. Halafu nikaeleza ya yule mzee, na tarakimu zake zote mbili, kwa sababu anayekagua asali akiziona atajua maana yake bila mimi kumsifia mtu.

Niliandika pia kwamba mwaka wa kwanza kumbukumbu zake za mapokezi zilikuwa zimevurugika, hadi aliponunua kauntabuku kwa fedha yake na kuanza kuandika kila dumu, tarehe na jina la aliyeleta. Jirani yangu alishangaa: unamsema vibaya kijana wa watu? Sikumsema vibaya. Kauntabuku lile ninalitumia hadi leo.

Mwisho nikasema wazi kwamba ninampendekeza kwa kazi hiyo, nikaitaja kama ilivyo kwenye tangazo. Namba ya simu, saini, muhuri. Ukurasa mmoja.

Lipo jambo gumu zaidi. Mwaka jana binti wa rafiki yangu aliniomba barua kama hii, naye alikaa dukani wiki tatu tu. Nilimwambia, mwanangu, sina cha kukuandikia, nenda kwa mwalimu wako aliyekuona miaka minne. Mama yake alininunia mwezi mzima, na iliniuma sana, maana tumetoka mbali. Lakini ningeandika nini? Kwamba alikuwa anawahi kufika?

Jumamosi kijana alikuja, akaisoma akiwa amesimama mlangoni. Alipofika kwa yule mzee akakaa chini. "Mama, kumbe uliona?"

Nakala nimeiweka kwenye droo, pamoja na vitabu vya risiti. Wakinipigia kutoka Dodoma, nitaitoa kwanza ndipo nijibu.