Mazoezi ya akili baada ya miaka 85: zoeza kile kile unachotaka kibaki

Mzee akianza kusahausahau, jambo la kwanza familia inalofanya ni kumtafutia kitabu cha chemshabongo au kumwekea michezo kwenye simu. Nia ni njema, lakini ubongo hauongezewi nguvu kwa jumla kama betri. Anayejaza mafumbo ya maneno kila asubuhi anakuwa fundi wa mafumbo ya maneno. Jina la mhudumu anayemsaidia kuoga linaweza kuendelea kumponyoka vile vile.

Hili limepimwa. Utafiti wa ACTIVE, uliofanywa Marekani, ulichukua watu 2,832 wa miaka 65 na kuendelea, ukawagawa makundi manne: la kumbukumbu, la kufikiri kwa mantiki, la wepesi wa kuona na kuamua, na moja lililobaki bila mafunzo. Waliofundishwa walipewa vipindi 10, kila kimoja saa moja na kidogo, kwa wiki tano hadi sita. Matokeo yalipotoka mwaka 2002, kila kundi lilikuwa limepata nafuu katika kile lilichofundishwa, si katika vingine. Miaka 10 baadaye faida ya mantiki na ya wepesi ilikuwa bado inaonekana. Ya kumbukumbu ilikuwa imefifia. Na hao kwa wastani walianza wakiwa na miaka 74 hivi. Kwa waliozeeka zaidi tunao ushahidi wa Berlin, ambako mwanasaikolojia Paul Baltes na wenzake waliwafundisha wazee sana mbinu ya kukariri maneno kwa kuyapanga kichwani kwenye sehemu wanazozijua. Walipanda kidogo mwanzoni, halafu wakakwama. Kwa hiyo mbinu nzito za kukariri waachie vijana. Kwa mtu wa miaka 90, chagua mambo machache yanayomfanya ajitegemee, uyazoeze hayo hayo.

Kabla ya yote, masikio na macho. Mzee asiyesikia swali atashindwa kulijibu, na watu watasema akili imeondoka. Nta iliyoziba sikio, betri ya kifaa cha kusikilizia iliyokwisha, mtoto wa jicho, miwani ya miaka sita iliyopita: kila kimoja kinaweza kuonekana kama usahaulifu. Keti mbele yake, si ubavuni. Zima redio. Taa imulike karatasi, isimpige machoni. Andika kwa kalamu nene nyeusi kwenye karatasi nyeupe isiyong'aa, herufi zenye kimo cha sentimita moja.

Sasa zoezi ninaloliamini kuliko yote kwa umri huu: kuuliza kwa vipindi vinavyorefuka. Halihitaji kompyuta, na limetumika sana hata kwa watu ambao tayari wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Unachagua swali moja lenye jibu moja fupi. Tuseme mzee anapoteza miwani kila siku. Swali: "Miwani yako inakaa wapi?" Jibu: "Droo ya juu." Mwambie jibu, kisha muulize papo hapo. Akijibu, afungue droo na kuigusa miwani, maana mkono nao unajifunza. Muulize tena baada ya sekunde 15, kisha 30, kisha dakika moja, mbili, nne, nane, na 16 kama hajachoka. Katikati ya maswali zungumzeni mambo mengine kabisa. Akikaa kimya akilirudiarudia jibu moyoni, halikutoka kichwani kwenda popote, na kazi yote iko katika kulitafuta na kulirudisha.

Akikosa, usimwambie "fikiri vizuri." Usimdokezee herufi ya kwanza, usimwache abahatishe. Mpe jibu mara moja, alirudie, afungue droo, halafu rudi kwenye muda wa mwisho aliofaulu. Kama alipita dakika mbili akaanguka kwenye nne, rudi mbili. Sababu ni hii: mtu ambaye kumbukumbu imedhoofika hakumbuki kwamba alisahihishwa, lakini lile alilolitamka linaacha alama. Akisema "mfukoni" mara tatu, umemfundisha "mfukoni."

Kesho yake anza kwa swali, bila kumkumbusha lolote. Akijibu sawa kwa mara ya kwanza siku tatu mfululizo, jambo limeshika. Baada ya hapo muulize mara moja kwa wiki, na ndipo uanze jambo la pili. Mambo mawili kwa pamoja huingiliana.

Zoezi hili likishindwa, mara nyingi kosa si la mzee. Mtoto mmoja anauliza "Miwani iko wapi?", mwingine "Umeweka wapi tena?", na wa tatu amehamishia miwani kabatini ili chumba kipendeze. Maneno yawe yale yale kwa kila anayeuliza, na kitu kisihame. Yanayofaa kuanza nayo ni yale yanayozuia madhara. "Unafanya nini kabla ya kusimama?" "Nashika mkongojo." Hilo lina thamani kuliko majina ya miji mikuu 20.

Kwa wepesi wa kuamua, zoezi la ACTIVE lilitumia kompyuta: picha katikati, gari pembeni, na muda wa kuzionyesha ukizidi kufupishwa. Karata 52 za tarakimu kubwa si sawa na hilo, lakini zinazoeza jicho na uamuzi. Mzee azitenge nyekundu na nyeusi huku wewe ukishika saa. Raundi tatu, pumziko la dakika mbili kati yake. Andika muda na makosa kwenye daftari. Siku tatu zikipita bila muda kupungua na makosa hayazidi mawili, atenge kwa alama zote nne. Baadaye, akiwa katikati, sema "geuza," na kopa ziende mahali zilipokuwa zikienda shupaza. Kama vidole vina baridi yabisi, asishike karata yeye: ataje, wewe uweke. La sivyo unapima vidole, si akili.

Ugumu mzuri ni ule unaompatia takriban majibu manane sahihi kati ya 10. Akipata yote, amezoea. Akipata matano, atafedheheka, na mzee aliyefedheheshwa mbele ya wajukuu harudi mezani. Dakika 15 hadi 20 zinatosha, asubuhi baada ya kula. Usiku ukiwa mbaya, acheni siku hiyo.

Jambo jingine zuri ni kusoma aya moja kwa sauti, kufunga kitabu, na kumsimulia mtu aliyetulia anayesikiliza kwa hamu ya kweli. Msamiati hudumu sana uzeeni, hivyo hapo mzee anaanzia penye nguvu.

Mazoezi haya yote yafanywe ameketi. Watafiti wa Sweden walionyesha mwaka 1997 kwamba wazee waliokuwa wakikatiza mwendo walipoanza kuzungumza wakitembea ndio walioanguka zaidi katika miezi iliyofuata. Kutembea kwenyewe kunakula akili. Usimwulize mtu wa miaka 88 hesabu akiwa kwenye ngazi.

Kuna hali moja ambayo hakuna zoezi la kuitibu. Mzee aliyekuwa sawa juzi, leo hajui yuko wapi, anasinzia katikati ya sentensi au anahangaika usiku kucha. Mkanganyiko wa ghafla hivyo ni dharura ya mwili: maambukizi, hasa ya mapafu au ya njia ya mkojo, upungufu wa maji, kukosa choo kwa siku kadhaa, au dawa mpya. Angalia hasa dawa za usingizi na mafua zenye difenhidramini, pamoja na amitriptilini (ya sonona na maumivu) na oksibutinini (ya kibofu), ambazo huuchanganya ubongo wa mzee kwa urahisi. Usikatishe dawa ya daktari peke yako. Tia zote kwenye mfuko mmoja, hata zile za kununua bila cheti, umpeleke mzee hospitali siku hiyo hiyo. Beba na lile daftari la karata. Nyakati zilizoandikwa humo zitamwonyesha daktari siku hasa ambayo hali ilibadilika.