Kumbukumbu ya mradi: linki za nyumba hatimaye zinatoka na picha

Imekubali! Leo saa tano usiku nimetuma linki ya bedsita moja ya Kiamunyi kwa grupu ya WhatsApp ya familia na ile kadi ya kuonyesha linki ikatokea yote, mlango wa bluu, "Bedsita Kiamunyi, 6,500 kwa mwezi, maji ndani", jina la tovuti chini yake. Nimekaa nikiiangalia tu. Wiki mbili na nusu nimepigana na hii kitu.

Mnaonifuata mnajua tovuti ni ya nyumba za kupanga hapa Nakuru, hakuna pesa ya kutazama nyumba, unampigia keateka, yaani msimamizi wa ploti, moja kwa moja. Nilipoizindua nilidhani watu watamiminika, maana nani hajalipa mia tano akapelekwa Free Area kuonyeshwa chumba kilichochukuliwa juzi? Siku ya kwanza wakaingia thelathini na kitu, karibu wote marafiki zangu. Siku ya nne, tisa.

Shida ni kwamba anayetafuta nyumba huku haanzi na Google, anauliza kwa grupu ya esteti au anaangalia stetasi za watu, na linki yangu huko ilikuwa inatoka tupu, mstari mrefu wa bluu bila picha wala kichwa. Binamu yangu aliniambia wazi, "Hiyo nikiiona kwa grupu sifungui, nitadhani ni wale wa kuiba M-Pesa." Iliniuma kwa sababu ni kweli, hata mimi nisingeifungua.

Nikaweka og:title, og:description, og:image, zile tagi ndani ya ukurasa zinazosema kadi itoke na kichwa gani, maelezo gani na picha gani. Wapi. Nikapima na ile zana ya Facebook ya kukagua linki, ikasema haioni picha yoyote, lakini nikifungua ukurasa kwa Chrome na kuangalia maandishi ya ndani ya ukurasa, tagi ziko, naziona kwa macho yangu. Siku nne nimezunguka hapo hapo. Nikashuku cheti cha https, nikashuku seva, nikabadilisha picha mara sita. Siku ya tano niko kwa matatu ya Njoro ndio nikang'amua: tagi zangu zinaandikwa na JavaScript, programu inayoendeshwa na brauza, baada ya ukurasa kufunguka. Chrome inaendesha JavaScript, WhatsApp haina hiyo shughuli, inachota HTML, yaani ukurasa mbichi, vile seva imeitoa na kwenda zake, na kwangu ilikuwa inakuta pa kuweka tagi patupu. Nilipofika nikapiga curl, amri ya kuchota ukurasa bila brauza, na kweli, hakuna tagi hata moja. Tangu hiyo siku siamini tena kile brauza inanionyesha, naanza na curl. Nikaandika PHP kidogo, kodi inayoendeshwa na seva yenyewe, ya kujaza tagi kabla ukurasa haujatoka kwa seva. Najua kuna wenye hawataki kusikia PHP, lakini hostingi za bei ya chini karibu zote zinayo na ilinichukua saa moja na nusu.

Kadi ikatoka na kichwa. Picha hakuna. Kumbe kwa og:image nilikuwa nimeandika njia fupi, /picha/12.jpg, na inataka anwani nzima kuanzia https. Nikarekebisha, bado. Picha zenyewe zinatoka kwa simu za makeateka, moja ina MB 3, nyingine 4, na maelekezo ya WhatsApp yanataka iwe chini ya KB 600. Nikazipunguza zote hadi pikseli 1200 kwa 630, zikashuka mpaka KB 90 hivi. BADO. Hapo karibu nirushe laptopu dirishani, nikalala bila kula. Kumbe kadi inatengenezwa na simu ya anayetuma, si ya anayepokea, na simu yangu ilikuwa imeshakariri ile linki bila picha kwa hivyo inarudia ile ile tu. Nikaongeza ?v=2 mwisho wa linki, ikaiona kama linki mpya, picha hiyo hapo. Zile nilizotuma zamani kwa magrupu zitabaki hivyo hivyo, zinatakiwa kutumwa upya.

Kwa kuhesabu wanaoingia kwa tovuti nimeondoa Google Analytics. Toleo lake la GA4 lina menyu nyingi mno kwa mtu mwenye wageni ishirini kwa siku, badala yake nimeweka GoatCounter, nyepesi na haimli mtu bando. Lakini jueni kwamba mtu akitoka WhatsApp kwa kawaida huonekana kama ametoka hewani, hakuna zana itakwambia alitoka wapi, ndio maana kila linki naiwekea alama yangu mwishoni. Search Console, ile ya Google ya kuonyesha watu wanatafuta nini, nimeibakisha, nimepeleka saitimapu (orodha ya kurasa zangu), na huko ndio nimeona watu wanaandika "single room Shabab" wakati mimi nilikuwa nimeandika "chumba kimoja". Nimebadilisha vichwa vyote.

Mpango ulikuwa sasa niandike ukurasa wa kila esteti, London, Section 58, Lanet, halafu nilipie tangazo la Facebook mia mbili kwa siku. Nimeuweka kando, kwa sababu Jumamosi keateka mmoja wa Kaptembwo alichukua linki ya chumba chake akaiweka stetasi, na Jumapili jioni akanipigia, "Kijana, toa hiyo nyumba, imeenda, nimechoka kupokea simu." Watu 41 kutoka stetasi moja! Wapangaji wake wana namba yake, na kila mmoja wao anajua mtu anayetafuta chumba. Hakuna tangazo langu litafika hapo.

Kwa hivyo usiku huu nimejenga kitufe kimoja kwa ukurasa wa keateka, akibonyeza inafunguka wa.me, linki ya kumpeleka WhatsApp, na ujumbe uko tayari, linki ina alama ya ploti yake, kazi yake ni kuchagua pa kutuma. Kesho asubuhi naenda Rhonda, kuna mzee anasimamia vyumba kumi na viwili na simu yake ni Android ya zamani yenye kioo kimepasuka, nataka nione kadi ikitokea kwa hiyo simu kwanza.