Versailles na mtoto mdogo: tiketi yake ni bure, msilipishwe

Inaniuma kila kiangazi kuona wageni wetu kutoka nyumbani wamelipia mtoto wa miaka minne kuingia Kasri la Versailles, hapa karibu na Paris, Ufaransa. Jamani, aliye chini ya miaka 18 anaingia bure! Wachuuzi wa mtandaoni wanawauzia kitu cha bure, na pesa hiyo Kariakoo ni begi la shule na viatu juu. Ingia tovuti ya kasri lenyewe, chagua saa, na mtoto naye mwekee nafasi. Bustani tu ndiyo tofauti: siku za maonyesho ya chemchemi, aliyefikisha miaka sita analipa. Na ninyi mnaokuja kusoma, ukiwa chini ya miaka 26 na kibali cha kuishi nchi ya Umoja wa Ulaya, kasri ni bure kwako pia. Kadi iwe mfukoni siku zote.

Jumatatu kumefungwa. Jumanne makumbusho ya Louvre ya Paris nayo inafungwa, umati unahamia huku, kwa hiyo iepukeni. Treni ya kutoka Paris ni RER C, na ubao lazima useme Versailles Château Rive Gauche. Ukipanda ya Versailles Chantiers utashuka mbali, utembee kama dakika ishirini umebeba mtoto.

Kigari cha mtoto acheni. Ua wa mbele umetandikwa mawe ya kizamani, gurudumu dogo linazama kwenye nafasi kati ya jiwe na jiwe, mtoto anatikisika hadi analia. Halafu chenye fremu ya chuma hakipiti ndani, kinabaki kwenye chumba cha mizigo. Kanga inatosha. Msalani apelekwe kabla hamjaanza vyumba vya mfalme, maana mkishaingia kwenye ule msururu, kurudi nyuma ni shida.

Ukumbi wa Vioo una mita 73 na vioo 357, lakini mtoto aliyesimama chini haoni ila magoti ya watu. Mnyanyue. Kisha mwambie: humu ndimo ulimosainiwa Mkataba wa Versailles, 28 Juni 1919, na kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe wa Iringa, ndani ya miezi sita. Miezi sita! Kalenga, kwao Iringa, lilifika 1954. Watu wetu wanapiga picha pale, wanaondoka bila kujua kwamba Mkwawa wetu ameandikwa ndani ya mkataba ule.

Baada ya saa moja na nusu mtoto amechoka, tokeni. Chapati msifungulie bustanini, ni marufuku. Sogeeni hadi kando ya Mfereji Mkubwa, pale inaruhusiwa. Upande wa Trianon, yaani makasri madogo ndani ya eneo hilohilo, unafunguliwa saa sita mchana, na ndani yake kuna kijiji alichojengewa malkia Marie-Antoinette, chenye mbuzi, kondoo na kuku. Hapo ndipo mtoto anapofurahi kweli, kwa hiyo msizimalizie nguvu zote kasrini. Ni zaidi ya kilomita moja na nusu. Kuna kitreni cha kulipia, na wakati wa kurudi, mtoto akiwa amelala begani, nauli yake lipeni tu.