Nani anapika chakula cha mfungwa?

Barabara ya Kasapa, hapa Lubumbashi, nchini Kongo, inahudumia chuo kikuu na gereza kuu, na kwa hiyo mabasi yake hubeba watu wa aina mbili ambao aliyezoea kuyapanda huwatambua kabla hawajafungua kinywa. Wa kwanza ni wanafunzi, wenye madaftari kwapani na simu mkononi. Wa pili ni akina mama waliopakata sufuria zilizofungwa kwa vipande vya kitenge, ambao huketi wima safari nzima wakichelea mchuzi usimwagike kila gurudumu linapoingia shimoni.

Mwezi uliopita mchuzi ulimwagika. Tone moja liliangukia kiatu cha baba mmoja aliyevaa suti, naye badala ya kulalamikia kiatu akalalamikia gereza: "Mama, kumbe tunachafuliwa ili wezi wale?" Mwenye sufuria hakujibu, aliinama, akakifuta kiatu kwa pindo la kitenge chake, kisha akageukia dirisha. Aliyejibu ni mama mwingine wa kiti cha nyuma. "Bateseke," alisema. "Kwangu waliingia saa nane ya usiku, wakabeba televisheni, wakabeba hata gunia la unga." Kijana mmoja, ambaye bila shaka anasoma sheria, akaanza kueleza kwamba kifungu cha 18 cha Katiba kinataka kila mtu anayeshikiliwa atendewe kwa namna inayolinda uhai wake, afya yake ya mwili na ya akili, pamoja na utu wake. Mama yule akamsikiliza hadi mwisho. "Sawa, papa," akamwambia. "Na watoto wangu wana kifungu gani? Hawajaiba kitu, na wanakula bukari mara moja kwa siku."

Basi zima lilicheka, kijana akanyamaza. Nami nilinyamaza, kwa kuwa sikuwa na moyo wa kubishana na mtu aliyeibiwa unga. Tangu siku hiyo, hata hivyo, nimekuwa nikimjibu kichwani.

Swali lake ni zito kuliko hotuba nyingi ninazozisikia redioni kuhusu haki za wafungwa. Ni aibu kweli kwamba mtoto asiye na kosa analala na njaa katika mji uliojengwa juu ya shaba. Lakini mtoto yule, njaa ikimzidi, anaweza kwenda kwa shangazi, anaweza kuuza maji barabarani, anaweza kupanda mwembe wa jirani msimu ukifika. Aliyefungwa ameondolewa hata uwezo huo mdogo wa kujitafutia, na aliyeuondoa ni serikali, kwa kufuli yake na kwa mlinzi wake. Hata mbuzi uliyemfunga kamba unamkatia majani, na ukisahau akafa, hakuna mtu mtaani atakayesema kwamba mbuzi alikuwa na tabia mbaya.

Hapo bado nimekubali kwamba aliye ndani ni mwizi. Ukweli ni kwamba wengi wa walio katika magereza ya nchi yetu hawajahukumiwa. Wanasubiri. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai, ambayo ni ya mwaka 1959, inasema waziwazi kwamba kumfunga mtu kabla ya hukumu ni hatua ya pekee, isiyopaswa kuwa kawaida. Inatoa siku 15 za kwanza, kisha mwezi mmoja mmoja kwa uamuzi wa hakimu. Katiba ya 2006 nayo inasema kwamba polisi hawawezi kumshikilia mtu zaidi ya saa 48 bila kumwachilia au kumfikisha mbele ya mamlaka ya sheria. Ukiziweka karatasi hizo mezani utadhani kwamba buloko, kama tunavyoliita gereza hapa, ni mahali pagumu kuingia.

Miaka miwili iliyopita niliona jinsi panavyoingilika. Kijana wa jirani yetu alikamatwa kwa ajili ya simu aliyoinunua sokoni, akiwa hajui kwamba ni ya wizi, au labda akijua, mimi si hakimu. Aliwekwa katika kasho, yaani chumba cha mahabusu, ya kituo kimoja cha polisi ambacho sitakitaja, na saa zake 48 zikawa siku tisa. Mama yake aliniomba nimsindikize kwa sababu nina miwani na ninaongea Kifaransa, mambo mawili ambayo watu wa mtaa wetu wanaamini kwamba yanawatisha polisi. Hayakumtisha yeyote. Kila siku tulifika saa sita mchana na sufuria yenye bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo na vipande vinne vya samaki wa tomsoni. Afisa wa zamu alifungua kitenge, akachukua spoku ya baiskeli iliyokuwa imening'inizwa kwenye msumari, akaichoma bukari mara tatu ili kuona kama kuna kisu au simu ndani yake, kisha akaipangusa spoku kwenye suruali na kuirudisha msumarini. Samaki alikuwa akiwahesabu. Wanne walioingia ofisini, ndani kwa kijana walifika wawili, na siku moja mmoja. Pembeni kulikuwa na franga za "kalamu", ambazo hazikuwa na risiti, na ambazo zilipanda kila tulipouliza faili imefika wapi.

Kasho yenyewe sikuiona. Niliona tundu la ukubwa wa matofali mawili juu ya mlango wa chuma, na nikasikia sauti zilizokuwa nyingi mno kwa chumba kile. Mama alipoita jina la mwanawe, sauti tatu tofauti ziliitikia, kwa maana wawili wengine walikuwa wakijaribu bahati yao kwa sufuria.

Hapo ndipo nilipokumbuka picha ya kwa babu. Watu wa rika langu waliokulia katika mitaa yetu ya Katuba, Kenya au Kamalondo wataijua, kwa kuwa wachoraji wa mji huu waliirudia mara nyingi sana, na katika miaka ya 1970 ilining'inia sebuleni katika nyumba nyingi za wafanyakazi: ua wa gereza enzi za Wabelgiji, ofisa mzungu amesimama pembeni, askari mweusi ameinua kiboko, na mfungwa amelazwa chini, nguo imeshushwa, mgongo na makalio vimechorwa mistari myekundu. Babu alisema aliinunua ili tusisahau. Utotoni nilitazama kiboko tu, kama kila mtoto. Lakini katika picha yetu, kandokando, kulikuwa pia na wanawake waliosimama na vyombo vya chakula kichwani, wakisubiri. Kiboko kimeondoka kwenye sheria, bendera imebadilika zaidi ya mara moja, jina la nchi limekwenda na kurudi, na wale wanawake bado wamesimama palepale.

Nadhani huko ndiko tunakokosea tunapobishana kama wafungwa "wanadekezwa". Serikali hutoa kitu, ndiyo: mchanganyiko wa mahindi na maharage unaojulikana magerezani kwa jina la vungule, siku unapopatikana. Mwezi wa Januari 2020 katika gereza la Makala, Kinshasa, watu walikufa kwa njaa na kwa kukosa dawa. Anayebaki hai humo kwa kawaida ni yule mwenye mtu wa nje. Kwa hiyo adhabu tunayoitoa haiendani na kosa bali na umbali wa nyumbani: mwizi wa simu ambaye mama yake yuko Manono au Kalemie anapata adhabu kubwa kuliko muuaji ambaye mke wake anakaa Kampemba, hapahapa mjini. Na yule mama wa kwenye basi, aliyefuta kiatu cha mtu kwa kitenge chake, anatumikia kifungo ambacho hakuna mahakama iliyokitamka.

Kitanda nacho kina bei. Katika magereza yetu mengi walinzi hukaa langoni, na ndani hutawala wafungwa wenyewe chini ya mkubwa wao anayeitwa kapita, ambaye ana wasaidizi, ana sheria zake, na humtoza mgeni malipo ya mahali pa kulala au ya kuepushwa na kazi ya kusafisha vyoo. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015 kuhusu wafungwa, zilizopewa jina la Nelson Mandela kwa sababu ya miaka yake 27 kifungoni, zinakataza katika kanuni ya 40 kumpa mfungwa yeyote madaraka ya kuwaadhibu wenzake. Sisi tumefanya kinyume chake kuwa mfumo, kwa kuwa ni rahisi: hauhitaji mishahara. Kisha tunashangaa kwamba kijana aliyeingia kwa kosa la simu anatoka akijua kuongoza kundi.

Kasapa tumelipia gharama hiyo. Tarehe 25 Septemba 2020 fujo zilizuka ndani ya gereza lililojengwa kwa ajili ya watu wapatao 800 na ambalo wakati huo lilikuwa na karibu 2,000. Sehemu ya wanawake iliteketea, wanawake wakabaki uani kati ya mamia ya wanaume, na hali ile iliendelea siku tatu kabla ya kudhibitiwa. Makumi ya wanawake walibakwa, akiwemo msichana mdogo. Wengi wao, kama wanaume, walikuwa wakisubiri kesi. Nilisikia watu wazima, wenye mabinti, wakisema kwamba gerezani ndivyo kulivyo. Sijapata kuwa na hasira na mji wangu kama wiki ile.

Wala si hapa peke yake. Makala, lenye nafasi 1,500 na wakati huo watu zaidi ya 10,000, lilijaribu kufumuka usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024, na serikali yenyewe ilitangaza vifo 129, vingi vikiwa vya kukanyagana na kukosa hewa, na 24 vya risasi. Goma, gereza la Munzenze lilikuwa limejengwa kwa ajili ya watu wapatao 350. Mji ulipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 tarehe 27 Januari 2025, wafungwa kwa maelfu walitoka, na kwa mujibu wa Umoja wa Mataifa zaidi ya wanawake 100 walibakwa na wengi wao wakafa motoni. Bukavu, milango ilifunguka katikati ya Februari mwaka huohuo.

Mama wa kiti cha nyuma angenikatiza hapa, na angekuwa na haki. Angenikumbusha Septemba 2011, watu wenye silaha walipolivamia gereza la Kasapa mchana na kumtoa Gédéon Kyungu, kiongozi wa wanamgambo wa Mai-Mai aliyekuwa amehukumiwa kifo, pamoja na wafungwa karibu 1,000, na jinsi wiki zilizofuata watu walivyofunga milango kabla ya jua kuzama. Hofu hiyo si ya kubuni. Ila gereza lile halikuvunjwa kwa sababu wafungwa walikuwa wameshiba. Lilijaa, na gereza lililojaa kupita kiasi halilindiki, kwa kuwa walinzi wachache hawawezi hata kuhesabu watu waliolala ubavuubavu, sembuse kuwatenganisha wa kusubiri na waliohukumiwa.

Kuna wanaodai kwamba dawa ni kunyonga, hasa tangu Machi 2024, serikali ilipotangaza kuondoa zuio la utekelezaji wa hukumu ya kifo lililokuwapo tangu 2003. Hilo nitaliandikia siku nyingine, linanichosha. Wengine wanataka magereza mapya, na viongozi hupenda jibu hili kwa sababu lina jiwe la msingi la kupigia picha. Mimi siliamini. Jengo jipya litajazwa kwa mlango uleule wa zamani, yaani kasho ambako saa 48 huwa siku tisa na parke, yaani ofisi ya waendesha mashtaka, ambako siku 15 huwa miaka. Kitu ninachokitaka ni kidogo na hakipendezi kwenye picha: mahakimu waingie ndani kila mwezi na orodha, waulize kila mtu ameingia lini na kwa kosa gani, na yule ambaye muda wake umepita bila uamuzi atoke siku hiyohiyo. Sheria hazikosekani kwa hilo. Serikali iliwaachilia mamia Makala mwaka 2024 baada ya kukagua faili zao, jambo linaloonyesha kwamba faili zinaweza kusomwa, na linaloacha wazi swali la kwa nini hazikusomwa mapema. Nafasi ikipatikana, hata vungule itatosha zaidi.

Kijana wa jirani yetu aliachiliwa siku ya kumi asubuhi. Hakukuwa na faili, hakukuwa na shtaka, na hakuna daftari lililoandika kwamba alikuwa pale. Mama yake alikuwa ameshapika, kwa sababu hakuna aliyemjulisha, kwa hiyo tulikutana naye langoni tukiwa na sufuria mkononi. Nilidhani tutarudi nyumbani tukale. Kijana akamnong'oneza kwamba mule ndani kuna mmoja wa kutoka Bukama ambaye hana mtu mjini, naye ndiye aliyekuwa akiitikia jina lake kila mchana. Mama akanipa begi la mwanawe nilishike, akaingia tena ofisini, akafungua kitenge mwenyewe, na afisa akainuka kuifuata spoku yake msumarini.